Shajara ya kompyuta ya mama: kuokoa hesabu za kikoba kabla ya tarehe 18

Ijumaa 9 Januari 2026, usiku

Nimeamua niandike kila ninachofanya kuanzia leo maana hii kazi nikienda nayo kichwani tu nitachanganya. Kompyuta ya mama, ile desktopu ya mtumba iliyopo sebuleni hapa nyumbani Morogoro, imefika mahali haitumiki. Ni Core i5 ya kizazi cha 3, ramu GB 4, diski ya ndani (hard disk) GB 500, Windows 10. Mama ni katibu wa kikoba, wako kina mama 28, na safari hii siku ya kuvunja kikoba waliisogeza kutoka Desemba mpaka Jumapili tarehe 18 mwezi huu. Hisa za kila mtu, mikopo, faini, mfuko wa jamii, vyote vimo kwenye faili moja la Excel. Daftari la mkono liliishia Septemba kwa sababu mama alishaizoea kompyuta, na mimi ndo niliyemwambia daftari sasa lipumzike. Kwa hiyo huu mzigo ni wangu.

Dalili za leo. Kutoka kubonyeza swichi mpaka uweze kufungua kitu ni dakika 11, nimepima kwa simu. Ikishawaka kinatokea kiboksi kinasema haioni faili la skripti fulani lenye mwisho wa .vbs. Flashi ya mama ukiichomeka folda zote zimegeuka shotikati, zile zenye kimshale kidogo kwenye kona. Task Manager, ile ya Windows ya kuonyesha kompyuta inafanya nini, inaonyesha diski iko asilimia 100 hata kama hujafungua kitu chochote. Wiki hii imeshatoa skrini ya bluu mara 2. Na faili lenyewe la kikoba leo limegoma kabisa kufunguka, namba ya kosa ni 0x80070570, yaani faili limeharibika halisomeki.

Mama alishaipeleka kwa fundi mmoja mtaani, akaiangalia kidogo akasema ni virusi, dawa yake kupiga windo, yaani kufuta na kuweka Windows upya, elfu 20. Mama akamuuliza, "Sasa fundi, na hesabu zangu?" Akajibiwa vilivyoko C, sehemu ya diski yenye Windows na vitu vyake, vinafutika vyote. Mama akairudisha nyumbani kwa bajaji kaipakata kama mtoto. Namshukuru Mungu aliuliza.

Nimeanza na antivairasi maana shotikati zile kila mtu anazijua. Nikafungua Defender, ile iliyomo ndani ya Windows yenyewe, nikashangaa inasema kila kitu kiko salama, alama ya kijani. Nikaingia kwenye orodha ya vitu ilivyoambiwa isivikague na hapo ndo nikaelewa: imeandikwa C:\ nzima. Yaani mlinzi kaambiwa alinde nyumba ila asiangalie ndani. Iliingiaje? Mwaka juzi kuna mtu alituwekea Office ya kraki, yaani iliyovunjwa leseni, na zile programu za kukraki kitu cha kwanza zinachofanya ni kukwambia uzime antivairasi au zenyewe zinajiandika kwenye hiyo orodha ili zisikamatwe. Toka siku hiyo hii mashine ilikuwa wazi. Ukitaka kuangalia ya kwako haraka, fungua PowerShell kama admini uandike

Get-MpPreference | Select ExclusionPath

Ukiona C:\ au folda usiyoijua, iondoe kwanza kabla hujaskani, vinginevyo unaskani hewa.

Nimeiondoa, nikaapdeti Defender, nikapiga ule uskani wa offlaini ambao kompyuta inajizima na kujiskani kabla Windows haijawaka. Kwa kawaida ni kama dakika 15, huku imechukua karibu saa nzima. Imekamata vitu 6, kimoja ni ile skripti ya shotikati. Nikaweka Malwarebytes ya bure, ikapata mabaki mengine kwenye brauza, nikamalizia na AdwCleaner. Kile kiboksi cha .vbs kinatisha watu lakini mara nyingi ni habari nzuri, maana yake skripti yenyewe imeshafutwa, kilichobaki ni ile amri ya kuiita kila kompyuta inapowaka. Nimetumia Autoruns ya Microsoft, haina haja ya kuinstoli, unafungua unatafuta mistari inayoita faili ambalo halipo, unaondoa tiki. Nimeondoa 2. Kiboksi kimepotea.

Ila diski bado 100. Nikapiga sfc /scannow, amri ya kukagua mafaili ya Windows yenyewe, ikasema imekuta mafaili yameharibika na mengine imeshindwa kuyatengeneza. Nikapiga na hii ya kutengeneza Windows

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

ikaganda kwenye 62.3. Saa 6 usiku hii, nimeiacha inajipanga diski, ile difragi, nikalale. Virusi wameisha, kesho nadhani itakuwa sawa.

Jumamosi 10 Januari

Haijawaka. Skrini nyeusi, inasema hakuna kifaa cha kuwashia. Nikasogeza sikio kwenye kava nikasikia tik, tik, tik, kimya, tik tena.

Nimekaa chini nimefikiria jana yote upya. Diski 100 bila kazi, sfc inashindwa kuandika, DISM inaganda, 0x80070570, kila kimoja peke yake unaweza kukibandika kwa virusi, lakini vyote pamoja ni diski inayokufa. Virusi walikuwepo kweli, ila waliufunika ugonjwa mwingine, na mimi usiku kucha nimemkimbiza mgonjwa wa moyo: skani 3 mfululizo afu difragi juu, ambayo kazi yake ni kusoma na kuandika upya nusu ya diski. Kilichotakiwa kuwa cha kwanza kilikuwa dakika 2 tu, kufungua CrystalDiskInfo, ni ya bure, nikaangalia afya ya diski. Sikufanya. Nimemwambia mama ukweli wote, kwamba jana ningeweza kujaribu kulikopi lile faili na sikujaribu. Akanyamaza kidogo akasema, "Sasa mwanangu usiiwashe tena mpaka ujue unachofanya." Ndo ushauri bora niliopata wiki nzima, maana diski inayogonga kila ukiiwasha unaipunguzia siku.

Mchana nimeazima eksteno ya TB 1 kwa shemeji. Kwenye laptopu ya mdogo wangu nimedaunlodi Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila Windows, ni karibu GB 3, nimesubiri bando la usiku. Nikalinganisha alama ya faili kwa certutil -hashfile, mwishoni unaongeza SHA256, na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wao, zimefanana, nikaichoma kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus.

Nyie mnaodaunlodi hivi vitu, tafadhali msibonyeze tangazo la kwanza linalotokea mkitafuta, nendeni kwa mwenyewe. Na hata kwa mwenyewe kagueni. Mwaka 2017 CCleaner toleo la 5.33 lilitoka kwenye seva zao halisi likiwa limeshatiwa sumu na wadukuzi, kuanzia Agosti mpaka Septemba, na Avast wenye programu walisema liliingia kwenye kompyuta milioni 2.27. Hawa wote walikuwa wanasafisha kompyuta zao kama sisi. Mimi programu za kusafisha rejista siziweki tena kwenye mashine ya mtu, sijawahi kuona faida yake inayozidi hatari yake.

Jumapili 11 Januari

Mint imewaka kutoka kwenye flashi, diski ya mama haijaguswa. Hii ndo raha ya kuwasha kwa flashi, kirusi cha Windows hakina mahali pa kukaa hapo na unaona kila kitu bila kuamsha Windows iliyoharibika.

Nimefungua programu ya Disks, nikaenda kwenye taarifa za SMART, zile ambazo diski inajiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoharibika zikahamishwa: 344. Sekta zinazosubiri, yaani ambazo diski imeshindwa kuzisoma: 72. Masaa ya kuwashwa: 31,204, hiyo ni kama miaka mitatu na nusu bila kuzimwa, na sisi tumeinunua mwaka juzi tu kwa hiyo mengi ilikuja nayo. Kwa anayeangalia kwenye CrystalDiskInfo, mistari ya kuitazama ni 05, C5 na C6. Ikiwa 0 ni dalili nzuri, ingawa si hakikisho. Namba ikianza kupanda wiki hadi wiki, acha kuskani, acha kusafisha, kopi vitu vyako siku hiyo hiyo.

Mdogo wangu akasema si tukopi tu folda la mama tuchomoe. Kwenye diski yenye afya ningekubali. Hapa hapana, kwa sababu kopi ya kawaida ikifika penye sekta mbovu inang'ang'ania hapo hapo, inarudia na kurudia na kichwa cha diski kinazidi kuchubua. Nimetumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Yenyewe inachukua kwanza sehemu zote rahisi, penye ugumu inaruka, inaweka alama kwenye ramani, afu inarudia yale magumu mwishoni kabisa ukishakuwa na mengi mkononi. Amri ni hizi

sudo apt install gddrescue
sudo ddrescue -n /dev/sda /media/mint/EKSTENO/mama.img /media/mint/EKSTENO/mama.map

Kabla ya kubonyeza enta nimehakiki mara 3 kwamba sda ndo diski ya mama, nimeangalia kwa amri ya lsblk inayoorodhesha diski na ukubwa wake, kwa sababu ukikosea ukageuza unaandika juu ya kile unachotaka kukiokoa. Na eksteno isiwe FAT32 maana hiyo haipokei faili linalozidi GB 4, ya shemeji ni exFAT, poa.

Imeanza saa 10 jioni kwa MB 80 kwa sekunde, nikafurahi. Saa 12 ikashuka mpaka kB 300. Nimeelekeza feni kwenye diski, kava liko wazi, joto la Morogoro mwezi huu si la kuchezea.

Jumatatu 12 Januari, Mapinduzi

Umeme umekatika saa 8 usiku. Hatuna UPS. Nimeruka kitandani nadhani kazi yote imepotea. Umerudi saa 11 alfajiri, nikawasha Mint tena, ddrescue haipo, kwa sababu ukiwasha kwa flashi ulichoinstoli kinafutika, nikaiinstoli upya, nikaandika amri ile ile na faili lile lile la ramani na ikaendelea ilipoishia. Haikuanza mwanzo! Ramani ilikuwa kwenye eksteno, ndo iliyoniokoa. Yani aliyebuni hiyo kitu abarikiwe.

Saa 7 mchana duru ya kwanza imeisha, zimebaki MB 412 hazijasomeka.

Nikafungua ile picha ya diski, yaani mama.img, nakala ya diski yote, kwa kusoma tu:

sudo losetup -r -P -f --show mama.img

nikaingia kwenye folda la mama, faili lipo, jina lipo, ukubwa upo. Mama kasimama nyuma yangu kashika ufagio. Nikabonyeza. LibreOffice ikasema limeharibika, nilitengeneze? Nikasema ndiyo, likafunguka tupu. Mama hakusema kitu akatoka nje kuendelea kufagia, na mimi nilitamani angesema.

Faili la xlsx kwa ndani ni zipu, sekta moja ikikosekana mahali pabaya lote linaanguka. Kwa hiyo tegemeo langu lilikuwa kwenye zile MB 412. Nikaipa duru ya pili, hii inakwangua pale palipobaki na kurudia mara 3:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda /media/mint/EKSTENO/mama.img /media/mint/EKSTENO/mama.map

Nimekaa nayo siku nzima. Inasoma, inakaa kimya dakika nzima, inapata kB 4, inakaa kimya. Saa 4 usiku zimebaki MB 120. Nalala sebuleni.

Jumanne 13 Januari

Saa 12 asubuhi imemaliza. Zilizokosekana MB 38 kati ya GB 500. Diski inapiga tik mfululizo sasa, nimeizima na sidhani kama itawaka tena, na haina deni na mtu.

Nimefungua faili la kikoba.

Limefunguka. Oktoba ipo, Novemba ipo, Desemba ipo, karatasi ya mikopo ipo. Nikalikopi kwanza kwenye flashi mpya, nikajitumia na kwenye imeili kabla hata ya kumwita mama. Afu nikamwita. Hakuamini kwa kuona tu, akaenda kuleta daftari la zamani, tukakaa mezani yeye anasoma mimi naangalia skrini, jina kwa jina, mwezi kwa mwezi mpaka Septemba. Kina mama 28, hakuna hata hisa moja iliyotofautiana. Kwa Oktoba na kuendelea alikuwa na meseji za kupokea pesa kwenye simu, tukalinganisha na hizo. Imetuchukua mpaka adhuhuri. Faili kufunguka halitoshi kwa hela za watu, lazima uhesabu.

Jumatano 14 Januari

SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka, ya GB 240 imenunuliwa Kariakoo na rafiki, elfu 75, ikapandishwa basi, nimeipokea Msamvu saa 9. Imefungwa. Windows 10 nimeitengenezea flashi kwa programu ya Microsoft yenyewe kwenye laptopu ya mdogo wangu. Nilihofia leseni, lakini ile kraki ilikuwa ya Office tu, Windows ilikuja na leseni halali iliyofungamana na ubao wa kompyuta (motherboard), nikaruka pale pa kuandika namba na ilipopata intaneti ikajiaktiveti yenyewe. Inawaka kwa sekunde 19. Ile ile mashine ya dakika 11.

Alhamisi 15 Januari

Leo ni kuhamisha vitu bila kuhamisha virusi. Nimechukua nyaraka, picha na video tu, hakuna programu hata moja iliyotoka kwenye diski ya zamani, hata zile ndogo. Nilifanya kuchagua nikiwa ndani ya Mint maana huko folda zilizofichwa zinaonekana.

Nieleze huyu wa shotikati maana watu wanafomati flashi na kupoteza vitu bila sababu. Zamani kirusi cha flashi kilikuwa kinajiendesha ukichomeka tu, mpaka Microsoft walipofunga huo mlango, kwanza kwenye Windows 7 na mwaka 2011 wakaufunga na kwenye zilizotangulia. Ndo wakabuni huyu anayesubiri ubonyeze mwenyewe. Anachukua folda zako halisi anazificha, anaweka shotikati zenye jina lile lile na sura ile ile ya folda, na ukibonyeza inaamsha skripti kwanza afu inakufungulia folda lako la kweli, kwa hiyo huhisi kitu. Vitu vyako vipo! Hata ukiwasha kuonyesha vimalizio vya majina, .lnk haionyeshwi, kwa hiyo angalia kimshale au safu ya aina ya faili. Ukishaskani na kumuua, vifichue hivi, E ikiwa ndo herufi ya flashi yako:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Wakati mwingine utakuta amevirundika kwenye folda lisilo na jina, linaonekana kama nafasi tupu. Lifungue, vimo humo. Shotikati na .vbs futa.

Ile .vbs niliibakiza moja nikaipeleka VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivairasi nyingi kwa pamoja, nyingi sana zikaitambua. Huko peleka skripti ya mashaka tu, msipeleke faili la hesabu au cheti cha mtu, kwa sababu kinachopakiwa pale wateja wao wanaweza kukiona.

Mipango ya mashine mpya: mama ana akaunti ya kawaida, ya admini ninayo mimi na pasiwedi yake iko kwenye bahasha kabatini. Office ya kraki hairudi, nimeweka LibreOffice, faili lake lote limekubali isipokuwa rangi za safu moja. Windows 10 iliisha muda wake wa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine hii Windows 11 haiikubali rasmi kwa sababu prosesa ni ya zamani, kwa hiyo nimeiandikisha kwenye ule mpango wa apdeti za usalama za nyongeza mpaka 13 Oktoba 2026, kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi mipangilio huko haikutugharimu. Antivairasi ni Defender peke yake. Malwarebytes ya bure ipo ya kuskani mara moja moja, hiyo hailindi muda wote kwa hiyo hazigombani.

Ijumaa 16 Januari

Memtest86+, programu ya kupima ramu, imezunguka mara 2, makosa 0. Skrini za bluu basi zilikuwa za diski.

Kitu kimoja kimeniuma. Kwenye ile picha ya diski kuna kumbukumbu za matukio ya Windows, faili la System.evtx, nimelifungua kwenye mashine mpya. Tukio namba 7, chanzo diski, sekta mbovu. La kwanza lililobaki humo ni la tarehe 3 Desemba na toka hapo karibu kila siku. Mwezi mzima mashine ilikuwa inasema na hakuna aliyeenda kuisoma. Nimeweka kalenda kwenye simu yangu: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, CrystalDiskInfo na hizo kumbukumbu, dakika 5.

Jumamosi 17 Januari

Kirusi kilitoka kwenye flashi ya kuprintia pale stesheneri, mama anachomeka huko kila mwezi. Sigombani na mtu, mashine za pale zinapokea flashi za mtaa mzima. Tumebadilisha utaratibu, mama anageuza karatasi kuwa PDF na kuituma WhatsApp, anaenda kuchukua karatasi tu. Tumeijaribu leo, kurasa 4 za mgawanyo zimetoka safi.

Jioni mweka hazina na mama mwingine wa kikoba walileta flashi zao. Zote 2 zina shotikati. Nimezisafisha mbele yao nikawaonyesha folda zao zikirudi. Mweka hazina alikuwa na picha za marehemu mume wake humo, alijua zimefutika tangu Novemba. Alikaa anaziangalia moja moja mpaka magharibi na hakuna aliyemharakisha.

Jumapili 18 Januari

Kikoba kimevunjwa. Mama alisoma hesabu kutoka kwenye karatasi zilizoprintiwa jana, kila mmoja akalinganisha na kitabu chake kidogo, zimekubali zote 28. Amerudi saa 1 usiku na kitenge kipya begani.

Jumapili 25 Januari

Wiki moja, hakuna skrini ya bluu, hakuna shotikati. SSD inasoma afya asilimia 100. Faili la mzunguko mpya linakaa sehemu 3: kwenye mashine, kwenye flashi ambayo haitoki nje ya nyumba, na Google Drive. Na daftari la mkono mama kalirudisha, kasema halipumziki tena, na mimi nimemnunulia jipya la kaunta.

Lililobaki ni zile MB 38. Nimepitia folda zote, zimeangukia zaidi kwenye picha za harusi ya dada, 14 hazifunguki vizuri, juu unaona sura za watu afu kuanzia katikati kwenda chini ni kijivu. Mojawapo ni ile ya bibi kashika mkono wa dada mlangoni. Dada anasema mpiga picha alikuwa na kadi yake mwenyewe na huenda hajaifuta. Nimeomba namba, nampigia kesho.